Bosi anasema “kindly revert” sio Kiingereza, je ni kweli?

Swali ni la dada mmoja yuko kampuni ya kliaringi, hao wanaotoa mizigo bandarini, pale Kurasini, Dar. Nalifupisha. Kazi yake kutwa nzima ni kuandikiana emaili na mawakala wa meli, wateja na watu wa bandari, na karibu kila emaili anaifunga na “Kindly revert”, akimaanisha naomba unijibu. Hakuna aliyewahi kulalamika. Sasa kaja bosi mpya, Mwingereza, kaiona emaili moja kabla haijatoka akamjibu kwa maneno matatu tu, “Revert to what?”, halafu akamwambia hicho sio Kiingereza. Jirani yake wa meza, ambaye aliwahi kufanya kazi Mumbai, akasema bosi ndo hajui, neno lipo mpaka kwenye kamusi. Dada anauliza nani yuko sahihi, neno lenyewe maana yake hasa ni nini, na “revert back” nayo ni sawa au sio sawa?

Dada yangu, nikupe jibu kwanza halafu maelezo yafuate, najua una kontena zinakusubiri. Bosi wako alipokwambia sio Kiingereza amekosea. Ila alipouliza “to what?” hajakosea hata kidogo, na hilo swali lake ndo linafungua neno zima. Revert ni kitenzi ambacho maana yake inakaa kwenye kile kinachofuata nyuma yake, ukikiacha peke yake kama ulivyofanya wewe basi msomaji anajazia mwenyewe, na kila msomaji anajazia cha kwao.

Tuanze na maana ile ambayo Mwingereza yeyote ndo inamjia kichwani kwanza. Revert ni kurudi kwenye hali, tabia au utaratibu uliokuwepo zamani. Sio kurudi nyumbani wala kurudi kutoka safari, huko watasema return, ukiandika “I reverted to Dar on Monday” watakushangaa. Kinachorudi hapa ni hali. Jamaa aliacha sigara kazianza tena: “He reverted to smoking.” Kikao kilianza kwa Kiingereza, watu wakachoka wakarudi kwenye Kiswahili: “They reverted to Swahili.” Simu ukiifuta kila kitu inarudi ilivyotoka kiwandani: “The phone reverts to its factory settings.” Umeona kote kuna “to”, na baada ya “to” inakuja nomino au kitenzi chenye -ing. Hapa ndo wengi wanateleza, wanaandika “reverted to smoke”, sasa hapo umesema jamaa amerudi kuwa moshi.

Na lazima hiyo hali iwe iliwahi kuwepo. Mtu ambaye hajawahi kuvuta maisha yake yote hawezi kurevert kwenye kuvuta, ataanza tu kama wengine wanavyoanza. Hili linaonekana dogo lakini kwenye mikataba linakuja kuwa kubwa, nitafika huko.

Halafu neno lina kaharufu fulani. Mara nyingi kile kinachorudiwa sio kizuri sana, au angalau msemaji anaona ulikuwa umeshapiga hatua sasa umerudi nyuma. Ndo maana wana msemo “revert to type”, mtu alijitahidi kubadilika lakini asili yake ikamrudisha kule kule, sisi tungesema tabia ni kama ngozi. Msemo huo una undugu na mambo ya ufugaji. Darwin kwenye kitabu chake cha 1859 kuhusu asili ya viumbe alieleza jinsi alivyopandisha njiwa wa kufugwa, weupe na weusi, na mjukuu mmoja akaja kutokea na rangi ya kibluu na mistari miwili myeusi kwenye bawa, vile vile kama njiwa-mwitu wa majabali ambaye ndo babu yao wote. Kurudi huko akakuita reversion. Kwa hiyo ukisema kwa Kiingereza kwamba ofisi yenu “has reverted to paper forms” hujatoa taarifa tu, umeshaonyesha kidogo kwamba hupendi. Ukitaka kuwa upande wa katikati sema “gone back to” au “returned to”.

Neno lenyewe asili yake ni Kilatini, revertere, kugeuka na kurudi, ukoo mmoja na convert, divert, invert na avert, wote hao wanageuza kitu kuelekea mahali fulani. Lilipoingia kwenye Kiingereza kwenye miaka ya 1300 hivi lilikuwa linatumika hata kwa mtu aliyezirai akazinduka, yaani amerudiwa na fahamu. Maana hiyo imekufa. Iliyobaki na kushika mizizi toka karne ya 15 ni ya mali, na hapo ndo wanasheria walipolipenda.

Kwenye sheria kitu kinachorevert ni mali, au haki juu ya mali, inayorudi kwa mwenyewe wa mwanzo muda au sharti fulani likiisha. Nimekupangisha kiwanja miaka 33, miaka ikiisha “the land reverts to the lessor”. Ile haki ninayobaki nayo mimi wakati wewe umekaa humo ndani, haki ya kwamba siku moja kitanirudia, inaitwa reversion, na ni mali kabisa inayouzika. Mtu akiuza nyumba yenye mpangaji wa miaka mingi kiukweli anachouza ni hiyo reversion. Kama una bima ya maisha umeshawahi kuona kwenye karatasi zao “reversionary bonus” ukapita tu, ni ukoo huo huo, bonasi inatangazwa leo ila inakufikia mkataba ukikomaa au mwenye bima akifariki.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko hapo kwa majirani. Katiba ya Kenya ya 2010 kwenye Jedwali la Sita inasema kwamba siku Katiba inaanza kutumika, ardhi yoyote ya umiliki usio na kikomo iliyo mikononi mwa mtu asiye raia “shall revert to the Republic of Kenya to be held on behalf of the people of Kenya”, halafu serikali itampa mtu huyo hati ya kupanga ya miaka 99 kwa kile wanachokiita “peppercorn rent”, yaani kodi ya jina tu, punje ya pilipili manga. Tarehe yenyewe ilikuwa 27 Agosti 2010. Sasa soma tena hayo maneno polepole. Nani kachukua ardhi? Hayupo. Hakuna aliyeinyang'anya, hakuna waziri wa kusaini chochote, ardhi yenyewe ndo mtenda na yenyewe ndo inayorudi, kana kwamba ilikuwa inasubiri tu siku ifike. Hiyo ndo kazi ya revert kwenye sheria na sababu yake ni ya kisarufi kabisa, kitenzi hakina yambwa, yaani kile kinachotendwa. Ukiandika “the State shall take the land” umeshaleta mtenda na mtendwa na kesi mahakamani. Ukiandika “shall revert” umesema mambo mawili kwa pamoja, kwamba kitu kinahama na kwamba kule kinakohamia ndo kwao toka mwanzo. Ile ya pili haijatamkwa popote, imebebwa na neno. Mwandishi wa hiyo ibara alijua anachokifanya.

Na upande wa pili unaweza ukaona watu walivyolikwepa. Tarehe 1 Julai 1997 Hong Kong ilitoka kwa Uingereza ikaenda China, na magazeti mengi ya Kiingereza yaliandika Hong Kong “reverted to China” au “reverted to Chinese rule”. Lakini kafungue tamko lenyewe la pamoja la 1984, hilo neno kwenye vifungu vya kukabidhiana hulikuti. Upande wa China umesema utaanza tena kutumia mamlaka yake, neno lao ni “resume”. Upande wa Uingereza umesema utairudisha, neno lao ni “restore”. Vifungu viwili, kila mmoja na kitenzi chake, tarehe moja. Kwa nini? Ninavyoelewa mimi, China msimamo wake ulikuwa mikataba ile ya karne ya 19 iliyowapa Waingereza hiyo sehemu haikuwa halali, kwa hiyo mamlaka hayajawahi kuondoka, sasa kitu ambacho hakijaondoka kitarevert vipi? Kumbuka nilichosema juu, revert inataka kitu kiwe kilikwenda kweli halafu kirudi. Linganisha na Okinawa, iliyotoka kwa Wamarekani ikarudi Japani tarehe 15 Mei 1972, kule mkataba wenyewe unajulikana kwa Kiingereza kama wa “reversion”, hakuna aliyeona tatizo. Nimekaa kwenye kazi ya kufasiri mikataba muda mrefu na nakwambia hivi vitenzi vidogo vidogo ndo vinakula usiku wa watu, sio yale maneno marefu ya Kilatini.

Kwa mafundi wa kompyuta neno limebadilika tabia, limeanza kula yambwa. Programa anasema “I reverted the change”, yaani nimetengua nilichobadilisha, na wenye kutumia Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya kodi, wanajua amri ya revert haifuti historia, inaongeza hatua mpya inayotengua ile ya zamani. Wikipedia nao wanasema “my edit was reverted”, na wana kanuni kwamba kwenye ukurasa mmoja mhariri asitengue zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24. Nje ya kompyuta usiige hii, usimwandikie mteja “we have reverted your invoice”, atabaki anajiuliza mmeifanyaje hiyo ankara.

Haya, sasa tuje kwenye ugomvi wenu, revert kwa maana ya kujibu.

Jirani yako wa meza amesema kweli, maana hiyo ipo kwenye kamusi, kamusi ya Oxford ya wanaojifunza Kiingereza imeiweka ila imeandika pembeni kwamba ni Kiingereza cha India. Na kweli India ndo nyumbani kwake hasa, pia Pakistani, Singapore na Malaysia, kote huko “kindly revert at the earliest” ni kitu cha kila siku na hakuna anayekonyeza jicho. Afrika Mashariki imeingia ofisini kwa njia zake, biashara zetu na Bombay, ndo hiyo Mumbai ya leo, ni za miaka na miaka, wahasibu, mabenki, watu wa meli, wote wamesoma barua za huko.

Lakini ukisema ni ya India tu hujamaliza, na hapa ndo bosi wako ningemkalisha chini kidogo. Madalali wa meli wa London kwenyewe, hao hao Waingereza wenzake, wanaandika “will revert” na “pls revert” toka enzi za telex, ile mitambo ya kutumiana maandishi kabla ya emaili. Telex ulikuwa unalipia muda wa laini kwa hiyo watu walikata maneno mpaka kwenye mfupa, na neno moja linalomaanisha nitakujibu nikishapata majibu ya upande wa pili lilikuwa dhahabu kwao. Mawakili wa Uingereza nao wanalo, “I will take my client's instructions and revert to you”, hiyo utaikuta kwenye barua za wakili yeyote wa makamo. Kwa hiyo mtu wa meli akikwambia revert sio Kiingereza, yeye mwenyewe ndo mgeni kwenye biashara ya meli.

Imefikaje huko? Ukifuatilia utaona hakuna aliyelibuni ghafla, limesogea hatua kwa hatua. Kwenye barua za kizamani mtu aliandika “I shall revert to this matter”, nitalirudia jambo hili baadaye, na hiyo ni sahihi kwa kila Mwingereza mpaka leo, kurudi kwenye mada. Ikasogea ikawa “I shall revert to you on this matter”, hapo mtu ameshaingia mahali pa mada. Mada ikadondoka, ikabaki “I shall revert to you”. Mtu naye akadondoka, ikabaki “I shall revert”, na mwisho wake tukaigeuza ombi, “please revert”. Kila hatua ni fupi ila ukilinganisha ya kwanza na ya mwisho ni vitu viwili tofauti. Na sisi Waswahili tulilipokea kirahisi kwa sababu kwetu tayari tunasema “nitakurudia” au “ngoja nitarudi kwako kesho na jibu”, kwa hiyo “I will revert to you” kwenye sikio letu inasikika ya kawaida kabisa. Ila angalia hapo hapo kwenye Kiswahili, “nitakurudia” ni jibu na “nitakurudi” ni fimbo, yaani nitakuadhibu. Kiambishi kimoja tu. Kwenye Kiingereza kazi hiyo inafanywa na kale kaneno kanakofuata.

Nakupa mfano wa kutunga ila ni wa kazi yako hiyo hiyo. Wakala wa meli alikupa bei ya dola 1,200 kwa kontena, wiki iliyofuata akapandisha ikawa dola 1,450, mteja wako hataki. Unamwandikia wakala:

“Please revert on the old rate.” Hapa “on” inasema kuhusu, kwa hiyo naomba jibu kuhusu ile bei ya zamani.

“Please revert to the old rate.” Umebadilisha herufi mbili tu, sasa umesema rudisheni bei ya zamani. Hilo sio ombi la jibu, ni madai.

“Please revert with the old rate.” Nijibu ukiwa na hiyo bei ya zamani, yaani niandikie ilikuwa dola ngapi.

“Please revert to the line.” Hii kwa mtu wa meli ni mjibu mwenye meli, na kwa Mwingereza wa kawaida ni rudi kwenye mstari, hata hajui mstari gani.

Na sasa ile yako, “Kindly revert”, nukta. Ikiwa imekaa chini ya aya inayosema bei ilikuwa 1,200 mkaipeleka 1,450, msomaji wa Kihindi ataona naombwa nijibu, msomaji wa Kiingereza anayesoma kwa maana ile ya kwanza anaweza kabisa kuona naombwa nirudishe bei. Wote wawili wamesoma emaili moja na wote wana haki. Sasa weka hapo juu yake kwamba kwenye mkataba wenyewe kuna kifungu kinachosema kipindi cha punguzo kikiisha “the rate shall revert to the published tariff”, neno lile lile kwenye faili moja likiwa na maana mbili, na kontena linakaa bandarini dimareji, ile tozo ya kuchelewesha kontena, inahesabika. Mimi kwenye mikataba na barua zinazoambatana na mkataba naikata kila nikiikuta, sio kwa sababu ya usafi wa lugha, usafi wa lugha siupiganii, naikata kwa sababu siku mkigombana wakili wa upande wa pili ataisoma anavyotaka yeye.

Kwa hiyo kanuni ninayoitumia mwenyewe ni ya kuangalia kinachofuata. Baada ya “to” pakiwa na kitu au hali, ni kurudi. Baada ya “to” pakiwa na mtu, ni kujibu, isipokuwa kinachorevert kikiwa mali au pesa, hiyo inarudi kwa mwenyewe. “On” na “with” ni kujibu. Pakiwa hakuna kitu ni bahati nasibu.

Tukija kwenye “revert back”. Re- hapo mwanzo tayari ina maana ya kurudi nyuma, kwa hiyo “back” inarudia kilichokwishasemwa, kama “return back” na “reply back” ambazo nazo tunazipenda sana. Waingereza wenyewe wanaisema hiyo revert back kila siku kwenye mazungumzo kwa hiyo usione aibu ikikuponyoka mdomoni, ila kwenye maandishi rasmi, na zaidi kwenye barua ya kuomba kazi, itoe. Haipotezi chochote. Kuna mhariri atakusamehe na kuna mwingine ataipiga mstari, wa nini kumpa nafasi.

Usilichanganye pia na reverse, hili naliona sana kwa vijana wa miamala ya simu. Ukituma pesa kwenye namba isiyo yenyewe unaomba waireverse, kwa sababu reverse inakula yambwa, mtu anageuza kitu. Pesa ikirudi yenyewe kwenye akaunti kwa sababu muda umepita bila mtu kuitoa, hapo ndo unaweza kusema “the money reverts to the sender”. Na refer ni kuelekeza au kurejelea, ukiandika “I revert to your letter of 4 March” ukimaanisha kurejelea barua yake, umekosea, hapo ni “I refer to”.

Matamshi kidogo. Mkazo uko mwisho, ri-VAAT, hiyo a ni ile ya “bird” ya Kiingereza cha Uingereza, r ya mwisho haisikiki. Ukiweka mkazo mwanzoni ukasema RI-vet umesema kitu kingine kabisa, hiyo ni rivet, ribiti ya mafundi wa bati. Kwenye maandishi t moja tu, reverted na reverting, sio “revertted”. Lipo pia kama nomino na hapo ndo mkazo unahamia mbele, RII-vaat, utalisikia kwa Waislamu wa Uingereza na Marekani wakimwita mtu aliyesilimu “a revert” badala ya “a convert”, wakimaanisha kila mtu huzaliwa kwenye fitra, yaani asili ya kumwelekea Mungu mmoja, kwa hiyo anayesilimu amerudi, hajahama. Hata hapo kanuni haijavunjika, ni kurudi ulikokuwa.

Sasa emaili zako. Kwanza hiyo “Kindly” usiitegemee sana kwa Waingereza. Sisi tunaiona ya adabu, wao wanaisikia kwenye mabango ya “Kindly refrain from smoking”, kwa hiyo “Kindly revert” kwao ina maneno mawili na yote mawili yanakwaruza, la kwanza linaamrisha na la pili halieleweki. “Please” inatosha. Kwa bosi wako, kwa wateja wa Ulaya na Marekani na kwa mtu yeyote ambaye hamjawahi kuandikiana, andika kile unachokitaka kwa jina lake:

“Please let me know by 3 p.m. Thursday, Dar es Salaam time, whether the line will hold the rate at USD 1,200.”

Ona hapo hakuna kujibu kwa ujumla jumla, kuna swali moja ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana, na kuna saa. Hiyo ya kuandika saa za wapi usiiache, Mumbai wako mbele yetu saa mbili na nusu na London wako nyuma saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi, na saa tisa mchana yetu kwa Kiingereza inaandikwa 3 p.m., nimeona watu wazima wakiandika “9 p.m.” wakimaanisha saa tisa mchana.

Wewe ndo unayedaiwa jibu na bado hujalipata? “I will check with customs and get back to you tomorrow morning.” Get back to inaonekana ya mtaani lakini ofisini inakubalika kabisa siku hizi, hata benki wanaiandika. Ukitaka iwe nzito kidogo, “I will write to you again once I have heard from customs.” Na kama kweli unataka warudishe bei, acha kuzunguka, tumia kitenzi chako kwa maana yake ya kwanza na uweke “to”: “We ask that the rate revert to USD 1,200 for the three containers already booked.” Hapo bosi akiuliza “to what?” jibu lipo kwenye sentensi, na kitenzi ni kile kile.

Kwa mawakala wa meli na jamaa wa Mumbai huna haja ya kubadilika, hiyo ni lugha ya kazi yao, ukiwaandikia “I look forward to hearing from you” watadhani umekasirika. Endelea na “pls revert”, ila tia “with” au “on” na tarehe: “Pls revert with ETA and free days by Thursday”, yaani nijibu kabla ya Alhamisi meli inatarajiwa kufika lini na kontena lina siku ngapi za bure.